Tulivyokitwaa Chumba cha Viti

Mwaka 1957 nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba alikufa wakati wa kuvuna pamba, na udongo wa kaburi lake haujakauka vizuri baba mdogo alikuwa amekwisha kulima mpaka mlangoni kwetu, kule Petta. Shule niliiachia darasa la tatu. Najua kusoma taratibu, najua kuandika jina langu, Athieno, na najua kuhesabu vitanzi. Hayo yamenitosha. Anayeona hayatoshi alete kazi yake tuiweke kando ya yangu.

Nilikwenda Tororo kwa miguu kwa kuwa nilisikia kuna Mhindi anayefuma masweta ya kuuza kwenye baridi ya Kitale. Karakana ilikuwa nyuma ya duka lake, chumba kirefu kilichonuka sufu na mafuta ya cherehani. Siku ya kwanza sikupewa sindano. Fundi Mkuu, Mluo mrefu kutoka ng'ambo ya mpaka, alinitupia gunia la masweta makuukuu akasema neno moja tu: "Fumua."

Kufumua ni kuvuta uzi wa sweta la zamani mstari kwa mstari, unaosha, unakunja donge, kisha unatumika upya. Nilifumua mpaka vidole vikawaka. Nikamwuliza, "Fundi, nafumua mpaka lini?"

"Mpaka mkono wako ujue uzi unataka kukatika kabla haujakatika. Sasa hivi wewe ni panya tu, unaharibu."

Nilikaa upanya kwa muda mrefu. Baadaye akanipandisha kwenye mashine. Ninyi mnaojifunza leo mnazikuta nyepesi. Zetu zilikuwa kitanda cha chuma chenye sindano zilizopangwa kama meno ya kitana, kila sindano na kikulabu chake. Juu yake unasukuma kichwa kizito, kwenda na kurudi, na kila ukisukuma unapata mstari mmoja wa vitanzi. Kitanzi kimoja kikitoroka, kinaviburuta vya chini yake, sweta linapasuka kama ngazi. Ile sehemu ya kiunoni na mikononi inayovutika tuliiita mpira, ingawa mpira haumo. Ni vitanzi viwili vinatazama mbele na viwili vinatazama nyuma, basi. Fundi Mkuu alikuwa akivuta mpira wangu, akiuachia, na usiporudi mahali pake anafumua wote mbele ya watu. Nilimchukia, na kila nilichojua nilikipata kwake.

Niliolewa Buhehe na Msamia aliyekuwa na baiskeli na ahadi nyingi. Baiskeli ilikuwa ya kweli. Nikahamia soko la Busia na sindano mbili za mkono, nikifuma kofia na soksi za watoto wachanga. Mpaka wakati ule ulikuwa mti wa kuinua na askari mwenye usingizi. Wateja wangu walitoka pande zote mbili, Wasamia, Wateso, Wajaluo, Wajopadhola wenzangu, na sote tulielewana kwa Kiswahili chetu cha sokoni.

Nami nilibeba mimba mbili. Wa kwanza alizaliwa juu ya lori la pamba, njiani kwenda Tororo, na hakulia. Wa pili nilifika hospitali, lakini nilifika nimechelewa, wakamtoa mtoto amekwisha kufa, na kizazi pamoja, ili nibaki hai. Nayasema kwa ufupi kwa sababu hayahitaji mapambo. Mume wangu akaoa wa pili, msichana mwembamba anaitwa Nafula, mwenye mdomo usiopumzika. Sikumpenda, naye hakunipenda. Siku moja alipita mbele ya meza yangu na wenzake akasema kwa sauti, "Mwoneni anafuma kofia. Vichwa atavitoa wapi?"

Wakacheka. Mimi nikaendelea kufuma, maana mteja alikuwa anangoja.

Uhuru ulipokuja, ofisi ya maendeleo ya Tororo ikaanzisha klabu za akina mama. Afisa wao tulimwita Bwana Maendeleo, kijana wa soksi ndefu na kalamu tatu mfukoni. Alinikuta sokoni, akageuza kofia moja ndani nje, akaniajiri kuwa msaidizi wa mkufunzi. Hiyo ndiyo kazi pekee ya serikali niliyowahi kuifanya. Nilifundisha kuanzisha vitanzi, kupunguza utosini, kufunga ukingo usifumuke.

"Mama Athieno," aliniambia, "serikali inataka kina mama wakae pamoja."

"Tukae wapi, bwana?"

"Popote. Barazani, kanisani, njiani, mradi mnafuma. Klabu haihitaji kibali."

Maneno hayo niliyaweka.

Karibu na soko palikuwa na dispensari. Nyuma yake palikuwa na chumba tulichokijenga sisi. Wanaume walifyatua matofali, wanawake tulibeba maji, tukiambiwa ni chumba cha kuzalia. Kilipoezekwa tu, wakaingiza viti. Viti vya wageni, vya mbao, vyenye mito myekundu, vinavyotolewa siku wakubwa wakija na kurudishwa wakubwa wakiondoka. Ufunguo ukapelekwa Tororo. Viti vikalala ndani, wanawake wakazaa njiani. Wengine walifia huko huko njiani.

Ndipo Nafula akapata mimba. Ilipokuwa kubwa, mkunga wetu wa kienyeji, bibi mmoja wa Kisamia aliyezalisha nusu ya soko, akampapasa tumbo. Hakumwambia kitu. Alinivuta mimi pembeni.

"Mtoto mkubwa, njia ndogo. Hii siiwezi, nyar Petta, binti wa Petta wewe. Anataka mkunga mwenye vyombo. Na Tororo kwa lori hafiki."

Ningeweza kusema hayanihusu, na hakuna mtu Buhehe angenilaumu. Lakini lile lori nililijua. Nilijua mbao zake za sakafuni zinavyoruka kwenye mashimo. Sikutaka mtu mwingine alijue, hata huyo.

Nilianza na dresa wa dispensari, yule mfunga vidonda. Akainua mikono. "Mama, mimi kazi yangu vidonda na malaria. Mkunga hakuna, ufunguo hakuna."

Nikapanda basi kwenda kwa Bwana Maendeleo. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, maana hakunipa kiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha, namwapia Mungu, akaniuliza, "Na viti vitakaa wapi?"

"Bwana, watu wanakufa."

"Nimesikia. Nenda ufundishe kufuma. Ukikusanya watu kupiga kelele, huo ni mkutano bila kibali, na kazi huna."

Nikarudi Busia nikawaambia wanawake wa klabu kila neno. Hatukupiga kelele. Tulihamisha klabu tu. Asubuhi iliyofuata tulikaa barazani pa dispensari, mbele ya mlango ule uliofungwa, na sindano zetu. Kesho yake wakaja wa upande wa Kenya na mikeka yao. Mmoja aliniambia, "Sisi pia huwa tunapandishwa lori. Lori haliulizi umetoka upande gani." Wasiojua kufuma nikawafundisha pale pale.

Bwana Maendeleo akaja na pikipiki, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Nani amewapa ruhusa ya mkutano?"

"Mkutano uko wapi, mwanangu?" Bibi Mkunga akamjibu bila kuinua uso. "Hii ni klabu yako."

"Klabu ni ya kufuma!"

"Na hizi unaona ni nini? Vijiti vya kuchokolea meno?"

Wagonjwa wa malaria walicheka mpaka wakakohoa. Aliwasha pikipiki akaondoka. Lakini hakuwa mjinga. Aliona akituacha tutachoka, na kweli wengine walianza kuchoka, palizi ilikuwa inawangoja. Tulifuma, mlango ukabaki umefungwa. Tumbo la Nafula likashuka.

Aliyetutoa pale ni Nafula mwenyewe. Alikuja barazani akijishika kiuno, akatutazama akasema, "Nyinyi mmekaa hapa kama kuku anaatamia jiwe. Wageni wakubwa wanakuja Jumamosi, soko zima linajua. Viti vyao si wanavitaka? Wacheni wafungue wenyewe."

Nilijisikia mjinga kwamba mimi sikuliwaza hilo. Sikumwambia.

Jumamosi dresa akaja na ufunguo ulioletwa kutoka Tororo, nyuma yake wapagazi. Tuliwapigia vigelegele. Tena tuliwasaidia kubeba, tukapangusa mito vumbi. Kiti cha mwisho kilipotoka, tukaingia sisi. Bibi Mkunga akatandika mkeka katikati, Nafula akakaa juu yake, na sisi tukamzunguka kutoka ukuta hadi ukuta. Tukaanzisha vitanzi.

Alasiri sherehe ikaisha, viti vikarudi, vikakosa pa kuingia. Vikasimama nje uani, na mawingu yalikuwa yameshika upande wa ziwa. Bwana Maendeleo akaniita pembeni. Sauti yake ilikuwa ya urafiki.

"Mama Athieno, wewe ni mtu wa serikali. Nafasi ya mkufunzi mkuu iko wazi Tororo, na nyumba ya bati. Niliandika jina lako. Watoe hawa."

Sitadanganya, nafasi ile niliitaka. Nilikuwa naiota tangu siku aliponiajiri. Naye akadhani amenipata, akaongeza, "Usipowatoa, leo ndiyo mwisho wako. Na kwa ajili ya nani? Yule mke mwenza anayekucheka kwamba huzai?"

Hapo ndipo alipoharibu.

"Bwana," nikamwambia, "kumchukia Nafula ni haki yangu mimi. Kumwua si haki yako wewe. Hiyo nyumba ya bati kaa humo na viti vyako."

Nikarudi ndani nikakaa mahali pangu. Mvua ikanyesha juu ya mito myekundu mpaka rangi ikachuruzika.

Wakatuma askari. Alichungulia, akamkuta mkewe kati yetu akifuma soksi. Akamsalimia, akamwuliza ufunguo wa nyumba kauacha wapi, akaenda zake. Tukalala mle, kwa zamu, siku kadhaa. Chakula kilitoka pande zote za mpaka. Mume wetu naye alileta ndizi kwa baiskeli. Hakusema lolote la maana, lakini alileta.

Mwishowe akaja mkubwa wa Bwana Maendeleo, mzee wa maneno machache. Alitazama viti vilivyofura maji, akatutazama sisi, akamwuliza dresa, "Chumba hiki kilijengwa cha nini?"

Dresa alitutazama, akamtazama Bwana Maendeleo. Dresa yule alikuwa na watoto wa kulisha.

"Cha kuzalia, mzee."

"Mkunga yuko wapi?"

"Hajawahi kuletwa."

Yule mzee hakutuahidi kitu. Tusingemwamini hata hivyo. Tukabaki tumekaa. Siku ya soko iliyofuata akashuka kwenye basi mwanamke mnene, gauni jeupe, sanduku jeusi mkononi. Akasimama mlangoni akasema, "Nimeambiwa nije kwa muda. Ebu tokeni, hapa pananuka sufu. Mabakuli yako wapi?"

Tulitoka tukikimbia. Ni yeye peke yake aliyeweza kututoa.

Uchungu wa Nafula ulianza asubuhi ya siku ya tatu tangu mkunga huyo afike. Kufika adhuhuri mkunga alifanya kile ambacho bibi yetu alisema yeye hakiwezi. Akapanua njia kwa mkasi, akamtoa mtoto, akashona. Alishona vizuri, nilitazama, hakuvuta uzi kupita kiasi. Mtoto akalia. Mwanamke mmoja barazani akaangusha sindano zake zote.

Nafula, uso umemjaa jasho, akanigeukia. "Kofia iko wapi?"

Nikampa. Akamvika mtoto.

"Imebana," akasema.

Barua ya kufukuzwa kazi niliipata wiki hiyo hiyo. Mkunga wa muda alikaa mpaka alipostaafu, na wakati huo pale palikuwa na vitanda. Mimi nilirudi sokoni, nikafuma, nikaweka akiba. Mhindi wangu wa Tororo alipouza vitu vyake aondoke, nilinunua mashine ile ile ambayo Fundi Mkuu alinifumulia kazi yangu juu yake. Nimefundisha wasichana wa Buhehe, wa Petta, hata wa Sop Sop, na kila mmoja alianza kwa kufumua. Waliolia niliwaacha walie. Niliacha kazi macho yalipokataa kutofautisha bluu na nyeusi, maana sweta la shule la rangi mbili ni aibu.

Vijana wa ofisi huja kuniuliza tulipata wapi ujasiri. Ujasiri gani? Tulijenga chumba, tukaingia chumba chetu. Ninyi mnaoandika maombi na kungoja majibu, endeleeni kungoja. Mimi nawaambia jengeni wenyewe, na mkishajenga kaeni ndani. Jina langu halipo ukutani pale, lipo la mtu aliyekuja kukata utepe baadaye. Ukuta ule maji yake ya udongo niliyabeba kichwani, naye aulizwe alibeba nini.

Leo nina mashine mbili za kufuma, moja nzima. Nina nyumba ya bati ya vyumba vinne Buhehe, na shamba lake, kwa jina langu mwenyewe. Nina ng'ombe watatu, mmoja mkorofi. Nina redio. Pensheni sina, mtoto wa tumbo langu sina. Nina mke mwenza, amezeeka, yuko jikoni sasa hivi ananigombeza kwamba chai inapoa.