Vidole vya Koala

Fundi hakufukuzwa kazi makumbusho, na pombe hakuionja maishani mwake. Wanaovumisha kwamba aliwagandisha wanyama kwa gundi akiwa chakari hawakuwepo. Kilichotokea ni hiki.

Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kukausha na kujaza pamba wanyama waliokufa, watoto wa shule wawaone kama wazima. Kabati la kioo alilolipenda lilikuwa na wawili tu, mdiria na koala. Mdiria, ndege mwenye mdomo kama mkuki, hupiga mbizi akaibuka na samaki kabla hujapepesa jicho. Koala, mnyama wa manyoya wa nchi za mbali, hushinda amelala juu ya mkaratusi, akiamka ni kutafuna majani yake.

"Mmoja hana muda, mwenzake hana shughuli," Fundi aliwaambia watoto.

Asubuhi moja mlinzi wa mlangoni alibandika pua kwenye kioo.

"Mzee, gundi imekuumbua. Hebu ona mguu wa nyuma wa huyu bingwa wa usingizi. Vidole viwili vimeshikana. Na mkurugenzi mpya anafika saa nane."

"Acha utani wako."

"Utani nitakuletea kesho. Leo angalia mguu."

Fundi akafungua kabati. Mguu ule aliwahi kuushona upya, na gundi aliitumia. Je, alizembea? Huku mkono ukimtetemeka, akachukua kisu chembamba akavitenganisha vile vidole. Ngozi ikachanika hadi kisiginoni, pamba ikachungulia nje. Alipoinua macho akamwona mdiria: vidole vyake viwili vya mbele navyo vimeshikana toka shinani. Na miguu ya ndege yule hakuwahi kuitia gundi.

Akaenda nyumbani mbiombio. Mkewe, mwalimu wa sayansi, akafungua kitabu mezani, chakula kikipoa pembeni.

"Wote wawili ndivyo walivyoumbwa, baba watoto. Koala huvitumia kuchania manyoya. Hukuzembea."

"Zamani sikuzembea. Nimeharibu leo."

"Basi kashone. Nani atajua?"

"Watoto wakija kuhesabu vidole, mwalimu, niwaambie nini?"

Saa nane alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya mkurugenzi, koala kwapani, kofia mkononi. Alimweleza mkurugenzi kabla hajakaribishwa kiti. Mkurugenzi aliutazama mguu, kisha akampa kalamu. "Andika kwenye kadi ya maelezo, kwa mkono wako."

Kadi ingali kabatini: koala huzaliwa vidole hivi vikiwa vimeshikana, kama vya mdiria; vya huyu vilikatwa kimakosa na fundi aliyemtengeneza. Fundi aliendelea na kazi miaka tisa, akastaafu kwa kuagwa vizuri. Mkono uliotetemeka ndio mlinzi aliousimulia mtaani, na mtaa ukaongeza chupa.

Mwenye shaka akaisome kadi yote, asiishie nusu. Na kama mkewe alirudia ushauri ule wa kushona kimyakimya, au aliujutia, hayo ni ya ndani ya nyumba. Hayasemwi.