Zamu ya Wifi Yangu

Nilipoolewa upande wa Nyaramba, niliwakuta nyumbani watu wawili: mama mkwe, na binti yake ambaye hakuwahi kuolewa. Huyo wifi yangu tulikuwa karibu rika moja, ila akili yake ilikuwa imeamua kutembea polepole tangu alipozaliwa. Maneno yake yote ungeyatia kwenye kikapu kimoja cha pareto na nafasi ingebaki. Lakini kicheko! Akicheka, ng'ombe wa ng'ambo ya mto walikuwa wanainua vichwa. Mume wangu alikuwa Kericho kwenye mashamba ya majani chai, anakuja mwisho wa mwezi akitaka. Kwa hiyo boma lile tuliliendesha sisi wanawake watatu, na sioni aibu kusema tuliliendesha vizuri kuliko serikali.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza masomo ya ngumbaru, yale ya watu wazima ya jioni. Nilijiona nimesoma kuliko mkuu wa wilaya. Basi siku alipokuja ofisa wa maendeleo ya jamii na pikipiki yake, mimi ndiye niliyemkaribisha kiti.

Hakuwa mtu mbaya. Alimsalimu wifi yangu kwa mkono, jambo ambalo wageni wengi hawakulifanya. Kisha akamwambia mama mkwe kuna makao mbali huko, kupita Nairobi, ya watu kama binti yake. Watamlisha, watamwogesha, watamlaza vizuri.

"Mama, macho yako yanakwisha," akasema. "Siku ukiondoka atabaki na nani?"

"Mokamwana yupo," akajibu mama mkwe. Mokamwana ndiye mimi, mke wa mtoto wake.

"Mokamwana ataitwa Kericho na bwanake."

Na kweli, mume wangu alikuwa ameshaanza maneno ya kuniita Kericho. Mama mkwe akasema, "Niache nivune wimbi. Ukirudi baada ya mavuno nitakupa jibu."

Pikipiki ilipoteremka, akaniita jikoni. "Mtu wa egesangio haachwi," akaniambia.

Egesangio lilikuwa kundi la wanawake wa kilima chetu waliopaliliana mashamba kwa zamu. Leo kwako, keshokutwa kwa jirani, mpaka kilima chote kiishe. Mwenye zamu alikuwa na watu. Akiugua, kuni zinaletwa. Akifiwa, moto unawashwa. Shamba lake haliwezi kuwa msitu hata apooze mikono yote miwili. Mgongo wa mama mkwe ulikuwa umekataa kuinama, na nafasi yake ilikuwa wazi. "Wakimpa binti yangu nafasi hiyo, anakaa hapa. Wasipompa, pikipiki itamchukua."

Utadhani lilikuwa jambo rahisi, kwa jinsi wale wanawake walivyompenda. Uji ukifika shambani yeye ndiye wa kwanza kupewa. Wanamsifu kitambaa chake, wanamwambia, "Keti, mama, pumzika." Na hapo ndipo kulipokuwa na taabu, kwa sababu anayeketi hana zamu.

Walikuwa na sababu yao pia. Kuna gugu la wimbi ambalo ni pacha wa wimbi lenyewe. Yakiwa machanga hata mama zao hawayatofautishi. Siku moja walimjaribu wifi, akang'oa vyote, akaacha ukanda mweupe kama upara wa mchungaji.

Nikaanza na elimu. Nilimkalisha nyuma ya nyumba, nikashika mche huku na gugu kule, nikafundisha kwa sauti ya mwalimu wangu wa ngumbaru, na kukohoa kwake nikakohoa. Wifi akaitikia kila kitu kwa kichwa. Nikamwambia, "Haya, ng'oa gugu." Akang'oa wimbi, akanipa kwa furaha kubwa. Tulifanya hivyo mpaka nikakaribia kuomba nirudishiwe ada yangu.

Nilipokata tamaa ya elimu ndipo nikatazama mikono yake. Magugu niliyoyatupa chini, aliyaokota moja moja, akayakung'uta udongo wote kwenye mizizi na kwenda kuyarundika kwenye ukingo wa shamba. Hakuna aliyemtuma. Sasa, mtu asiye wa kwetu hajui maana ya jambo hilo. Mvua ya kwetu Nyamira huja kila alasiri kama mtu aliyeajiriwa. Gugu ukiling'oa na kuliacha juu ya udongo, kesho limesimama linakuuliza habari ya asubuhi. Kila mwanamke wa egesangio alitakiwa kukung'uta na kubeba ya kwake, lakini migongo ikishavunjika nani anabeba? Tulikuwa tunayakanyaga, tunaimba, tunaenda nyumbani.

Nikamfuata mkubwa wa kundi. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita mtu aliye Nyamache yeye akiwa Nyaramba. Pembeni yake alikuwepo jirani yetu mmoja ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika hata siku ya Sabato.

"Wifi yangu anataka nafasi ya mama yake," nikasema. "Sisi tung'oe, yeye akung'ute na kubeba ya wote."

"Mwache huyo, ni mtoto wa Mungu," akasema jirani.

"Mtoto wa Mungu halimiwi shamba?"

"Atalimiwa! Lakini tukimwingiza kwenye wimbi tutavuna nini? Upepo?"

Wakacheka wote. Mkubwa akajifuta machozi, akanitazama. "Mlete kwangu kesho. Akiniharibia, wewe msomi utanilisha mpaka msimu ujao."

"Nitakulisha mpaka unenepe," nikasema. Kunenepa zaidi ya pale haikuwezekana, lakini nilishasema.

Kesho yake wifi alikuja nyuma ya mstari na kikapu. Akakung'uta, akabeba, akarudi. Udongo wa kwanza ulimwangukia jirani kisogoni. "Ananizika nikiwa hai!" akapiga kelele. Jua lilipopanda, wifi akainama, akashika mche wa wimbi uliosimama. Nikamdaka mkono.

"Usimshike," akasema mkubwa. "Mwambie."

Nikatafuta neno. Elimu yote ikanikimbia, yakabaki haya tu: "Wifi, yaliyolala ni yako. Yaliyosimama ni yetu."

Akautazama ule mche. Akauachia. "Yaliyolala," akasema. Na kutoka hapo akalisema neno hilo kwa kila gugu aliloliokota, mpaka jioni tukawa tunang'oa kwa mpigo wake.

Mvua ikafanya kazi yake siku zote zilizofuata. Sabato ikafika, tukawa tunatoka kanisani na nguo zetu safi, na njia inapita kati ya mashamba mawili: la jirani, tulilolipalilia kabla tu ya lile la mkubwa, na la mkubwa mwenyewe. La jirani lilikuwa limefufuka. Magugu yalisimama wima kuliko tulivyoyakuta. La mkubwa lilikuwa safi, miche ya wimbi peke yake, unaweza kuhesabu majani.

Mkubwa akasimama njiani, sote nyuma yake tukasimama. Akatazama la huku, akatazama la kule.

"Basi mrudi kwangu wiki hii," akasema jirani kwa sauti ndogo.

"Zamu yako imepita. Inayofuata ni ya binti wa omong'ina," akajibu mkubwa. Omong'ina, yaani bibi mzee, ndiye mama mkwe wangu.

"Ya omong'ina mwenyewe, unasema."

"Nimesema ya binti yake. Omong'ina amestaafu."

Jirani akamgeukia wifi. "Msimu ujao, mama, kwangu uje mapema. Na udongo ukung'utie upande mwingine."

Siku ya zamu hiyo ukungu haukuwa umeinuka walipofika. Kwa desturi yetu hakuna anayeinama kabla mwenye shamba hajasema pa kuanzia. Wakasimama na majembe madogo mkononi. Mkubwa akauliza, "Mwenye shamba, tuanzie wapi?"

Nikafungua mdomo.

"Wewe ndiwe mwenye shamba?" akaniuliza. Nikaufunga. Waliokuwepo bado wanaisimulia habari hiyo.

Wifi alitazama shamba, akatutazama sisi. Akateremka hadi kwenye migomba, akakanyaga chini kwa nguvu. "Hapa." Kisha akamshika jirani mkono, akampeleka kwenye sehemu yenye mawe.

"Mmeona? Ananilipiza!" akasema jirani, na akainama.

Ofisa alirudi baada ya mavuno, tukiwa tumeshaingia kwenye mahindi. Alimkuta mama mkwe peke yake uani, akauliza binti yuko wapi.

"Kazini," mama mkwe akamjibu. "Kwa mkubwa wa kundi, ni zamu yake leo. Nenda umsalimu, lakini usimcheleweshe."

Akaja mpaka shambani, akasimama ukingoni na viatu vyake vinavyong'aa, akitutazama. Wifi akatokea na rundo la magugu kifuani. Ofisa alikuwa amesimama pale pale pa kulitupa. Wifi hakucheka, hakusalimu. Alimngoja tu, kama mtu anavyomngoja mwingine atoke mlangoni.

Ofisa akarudi nyuma hatua kadhaa. Rundo likaanguka mahali pake, na wifi akawa amesharudi kwenye mstari.