Gemu Iliyomngoja Dalali

Mimi na kaka yangu tumegombana kwa mambo machache sana maishani, na kubwa kuliko yote ni la kipuuzi: gemu ipi ya vita vya angani ndiyo gemu. Yeye hufanya kazi katika ofisi za kaunti, Kwale mlimani, na hupenda zile za zamu. Unapanga vyombo vyako vya angani, unajenga viwanda kwenye sayari zako, ukitosheka unabonyeza kitufe, halafu adui naye anapata zamu yake. Mimi niko mapokezi katika hoteli moja Diani, na tangu chuoni nimependa gemu za mbio. Humo saa haisimami. Ukikuna pua, adui ameshatua.

"Mwenye pupa hadiriki kula tamu," kaka hunambia.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," namjibu.

Yeye husema gemu zangu ni za kufukuza kuku. Mimi nilimwambia kwamba zake ni foleni, na ndiyo maana anazipenda, kwani kaajiriwa kwenye foleni na mshahara wake hutoka kwenye foleni. Tukicheza pamoja hatumalizi. Kwenye gemu yake nasinzia, kwenye yangu hapumui. Ugomvi huo ulidumu miaka, na ungedumu hadi leo kama baba asingeugua.

Baba alikuwa dalali wa mnada wa mifugo. Aliyekulia kule nyikani, Kinango, Ndavaya, Mwangulu, hana haja ya kuelezwa, ila wengine nitawaeleza: dalali ndiye anayesimama katikati ya boma, ng'ombe akizungushwa, na kupandisha bei kwa mdomo wake tu. Baba hakuhitaji kipaza sauti. Maneno yalimtoka mfululizo, bei, sifa za ng'ombe, matusi madogo kwa mnunuzi bahili, dua kwa mwenye mnyama, yote kwa pumzi moja. Hata nyumbani alikuwa hivyohivyo. Alimaliza kutugombeza kabla hatujajua kosa lenyewe ni lipi.

Asubuhi moja akaanguka msalani. Kiharusi. Tukampeleka hospitali ya Msambweni, akakaa huko, na alipotoka nikamleta kwangu Ukunda ili awe karibu na kliniki. Mkono wa kulia ulikuwa umepooza, na ulimi. Akili haikuguswa. Ilikuwa pale pale, imekaa kitako, inatuangalia.

Kulikuwa na dada mmoja hospitalini ambaye kazi yake ni kufundisha watu kusema upya. Alituweka chini mimi na kaka akatuambia wazi. "Maneno anayo. Yanachelewa tu kutoka. Mpeni nafasi ayatoe mwenyewe, msimsemee. Akizoea kusemewa atanyamaza, na akinyamaza sana, itakuwa vigumu kumrudisha."

Ni rahisi kusema hayo hospitalini. Kwetu, mgonjwa hujuliwa hali. Huwezi kusikia mtu ameugua ukakaa kwako ukala wali wako. Utaulizwa na Mungu na utaulizwa na majirani. Basi wakaja. Walitoka Ukunda, wakatoka nyikani na maziwa ya mgando na mahindi mabichi, wakaketi mbele ya baba wakamuuliza hali, na kwa kuwa walikuwa na huruma, wakamjibia.

"Umelala vyema? Eeh, amelala, yuaonekana. Mkono wauma? Wauma kidogo, maskini."

Bingwa wao alikuwa shangazi, dada yake baba. Nampenda shangazi, na wallahi hakuna mtu aliyemhudumia baba kwa moyo kama yeye. Lakini baba akifungua mdomo tu, shangazi ameshammalizia. Siku moja baba alitaka dirisha lifunguliwe. Akaanza, akakwama, akaanza tena, na kufumba na kufumbua akaletewa bakuli la uji. Alilitazama bakuli, akanitazama mimi, akanywa. Kunywa kulikuwa kwepesi kuliko kubishana.

Baada ya hapo akaanza kunyamaza. Alitikisa kichwa, au hakutikisa. Mtu ambaye boma zima la wanunuzi lilikuwa likimtazama mdomo, sasa alikaa kwenye kochi langu kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji. Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini niliogopa. Nilijua kinachoendelea, na dada wa hospitali alishatuambia mwisho wake.

Hapo ndipo nilipoleta gemu. Hesabu yangu ilikuwa fupi: baba ni mtu wa mbio, mpe mbio. Nikamwekea laptopu mezani, kipanya nikakiweka upande wa mkono wa kushoto, nikamfungulia gemu yangu niipendayo. Alishika mambo upesi kuliko nilivyotarajia. Alipoviona vyombo vikiondoka kwa kundi kwenda kuchota madini kwenye sayari ya jirani, akatikisa kichwa, amekubali. Ng'ombe wanakwenda kisimani, basi. Hilo halikuwa geni kwake.

Lakini mkono ulikuwa unakwenda na saa yake. Alipoukokota hadi pale alipotaka kubonyeza, kundi lilikuwa linaungua. Akajaribu tena, likaungua la pili. Na hapo mlangoni, "Hodi!"

Shangazi. Sasa, mgeni hasalimiwi macho yakiwa kwenye skrini. Nikainuka. Shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, habari za huko, nzuri, za watoto, hawajambo, mbuzi je, wako, mvua je, hiyo ndiyo hatujaiona, na mguu wako, alhamdulillahi. Baba naye akatoa mkono wa kushoto, akaitikia kila salamu kwa kichwa kama inavyotakiwa. Tuliporudi kwenye meza, hatukuwa na sayari hata moja. Mimi mwenyewe nimeshindwa vita vingi kwa namna hiyo. Aliyebuni zile gemu za mbio hatembelewi na shangazi.

Baba alikisukuma kipanya kikaanguka chini, akageuza uso ukutani. Kwa kawaida ungefuata mkondo wa maneno ambao jirani wa tatu angeusikia. Nilikiokota kile kipanya nikiwa nimekasirika, na sikuwa na wa kumkasirikia.

Kesho yake nikampigia kaka. Ilinibidi niyameze maneno ya miaka mingi.

"Niletee ile gemu yako ya foleni."

Alicheka mpaka akakohoa. "Rudia tena, sikusikia vizuri."

"Ulisikia. Usinichoshe."

Akaja Jumamosi, gemu iko kwenye flashi, uso wake umejaa ushindi. Alikaa mwenyewe kando ya baba, akamwonyesha chombo cha kwanza na sayari ya kwanza, na kitufe kilicho pembeni, chini, cha kumaliza zamu. Kisha akaondoa mikono.

Baba akangoja vyombo viungue. Havikuungua. Akamtazama kaka, akatazama skrini.

"Inakungoja, baba," kaka akasema. "Haiendi popote mpaka ubonyeze hapa."

Hakuamini. Dalali haamini neno la muuzaji. Akakunja mkono mapajani akakaa kimya, anaipima, kama vile alivyokuwa akimkazia macho mnunuzi hadi aseme bei yake ya kweli. Chai ikaletwa, ikanywewa. Jirani akaja kuomba chumvi, akasalimia kwa kirefu, akaenda. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa ikaisha. Skrini iko vilevile, chombo chake kimesimama pale pale kilipokuwa. Baba akacheka. Nusu ya mdomo ndiyo iliyocheka, lakini kicheko kilikuwa chake, kile cha kumkamata mtu kwenye bei.

Gemu ile ina jambo moja ambalo kaka hakulifikiria, wala mimi. Kila ukipata sayari mpya, inataka uipe jina, na haisongi mbele mpaka uandike. Baba hakuweza kuandika kwa mkono wa kushoto, basi mwandishi nikawa mimi. Sayari ya kwanza ilipotokea, nikamrahisishia.

"Niandike Ukunda?"

Akapiga meza kwa kiganja, kikombe kikaruka.

"We," kaka akanambia, "zamu yake."

Basi tukangoja. Sikuwahi kujua kwamba kungoja ni kazi ya sulubu. Ulimi wangu uliwasha. Baba alianza, akakwama, midomo ikahangaika, jasho likamtoka kwenye paji la uso, na majina kama matano hivi yalinijia kichwani niyatupe nimsaidie. Nikakalia mikono yangu, ingawa si mikono iliyokuwa na shida. Mwishowe likatoka.

"Nda... vaya."

Mnada wake wa kwanza. Nikaandika Ndavaya. Baada ya hapo ikawa desturi yetu: mimi nikitoka zamu ya asubuhi hotelini, nikipanda tuktuk hadi nyumbani, namkuta ameshakaa mezani. Tukapata Kinango, tukapata Mwangulu, tukapata Taru. Sayari moja ya mbali, baridi tupu, njia yake imejaa vimondo, aliiita Vanga, na alitumia karibu alasiri nzima kunieleza, kipande kwa kipande, kwamba ni kwa sababu ya ile barabara mbovu ya kwenda huko, mashimo matupu. Adui aliwaita wanunuzi wa mjini. Nikisahau nikanyoosha mkono kwenye kipanya nimfanyie jambo, alinizuia kwa maneno mawili, na kwa kuwa ndiyo aliyoyatumia zaidi, ndiyo yaliyonyooka kuliko yote.

"Zamu yangu."

Sisemi kwamba gemu ilimponya. Mkono wa kulia mpaka leo ni mzigo anaoubeba, na kliniki hatukuacha. Nami sijabadili dini. Gemu za mbio bado nazipenda. Nasema tu kwamba meza ile ilikuwa mahali pekee katika nyumba yangu ambapo hakuna aliyemmalizia.

Kisha ukaja ukame. Mifugo ya baba, ng'ombe na mbuzi, ilikuwa nyikani kwa mchungaji wa kuajiriwa, na majani yalikuwa yameisha, na mchungaji alitaka kuondoka. Mimi na kaka tulizungumza kwa simu, tukakubaliana kwamba wauzwe. Lilikuwa jambo la busara. Hatukumuuliza baba, kwani tulijua angeumia, na kuumia si kuzuri kwa mgonjwa. Ndivyo tulivyosema.

Jumapili wakaja shangazi na binamu wawili wa baba, wazee wenye fimbo zao, kikao kikafanyika sebuleni kwangu. Baba alikuwa kwenye kiti chake, laptopu imefungwa mbele yake. Walimsifu sana. Walisimulia jinsi alivyoitafuta mifugo ile kwa jasho lake, jinsi alivyokuwa hodari. Walimsimulia kama wanavyosimuliwa watu matangani, naye ameketi papo hapo anawasikiliza. Binamu mmoja akasema ameshapata dalali wa kuwanadi wiki ijayo, kijana mzuri, mwepesi wa mdomo.

"Na ndugu yangu mwenyewe aridhia," shangazi akasema, akamgeukia baba. "Si waridhia? Eeh, ameridhia, maskini. Afanyeje?"

Baba akapiga meza.

"Za... mu yangu."

Wazee wakatazamana.

"Wataka maji?" shangazi akauliza, ameshainuka nusu. "Mleteeni maji."

"Shangazi, keti," kaka akasema. Sijawahi kumsikia akimwambia mtu mzima hivyo. "Niwie radhi. Ni zamu yake. Tumngoje."

Shangazi akaketi kwa mshangao mtupu. Tukangoja. Feni ilizunguka. Nje tuktuk ilipita, ikapita nyingine. Mdomo wa baba ulihangaika, ukafunga, ukafunguka tena. Binamu mmoja akavuta pumzi atie neno, nikamtazama kwa lile jicho la mapokezi, ninalowatazamia wageni wanaotaka kuruka mstari, akairudisha pumzi yake. Niliyajua maneno anayoyatafuta, au nilidhani nayajua. Nilidhani anasema hauzi.

"Wa... uzwe," baba akasema.

Wote wakashusha mabega. Shangazi akafungua mdomo. Baba akainua mkono wa kushoto, bado. Hakuwa amebonyeza. Akapumua, akajikusanya, na yale maneno mengine yakaja moja moja, kila moja likisimama peke yake katikati ya boma.

"Da... lali... ni mimi."

Baba akateremsha mkono, akabonyeza meza kwa kidole mara moja tu, pale pembeni, chini, kisha akamtazama dada yake.

Shangazi aliangalia mkeka. Akarekebisha leso yake. Aliponyanyua uso macho yalikuwa yamelowa, na akamuuliza baba swali.

"Basi wataka tufanyeje, ndugu yangu?"

Akangoja.