Tona ya Dada Pendo

Juzi dukani niliona chupa ya tona ya zambarau, ile ya kutuliza rangi kali ya nywele zilizopaushwa, nikacheka peke yangu. Siku ile ya utotoni sikucheka.

Tulikuwa tukikaa Segese, karibu na machimbo. Kesho yake ilikuwa sendofu ya dada Pendo, sherehe ya kumuaga bibi harusi, naye alitaka nywele za dhahabu. Nilijua dhahabu inachimbwa, nikashangaa anaitafuta kwenye kopo. Alipaka blichi ya kupausha juu ya rangi nyeusi ya zamani, nyumba nzima ikanuka kama zizi. Alipoosha, nywele zilitoka rangi ya chungwa tupu.

"Mayu wane, mama yangu! Naolewa na kichwa hiki?" alilia. "Mdogo wangu, ile chupa ya zambarau iko wapi? Ndiyo itakayoniokoa!"

Dawa ya zambarau niliyoijua mimi ilikuwa GV, ya vidonda. Na mbuzi wetu mweupe alikuwa na kidonda mguuni.

"Nimemtibu mbuzi nayo," nikasema. "Yote."

Dada alikaa chini, akalia hadi sauti ikakauka.

Kesho yake alitoka amefunga kilemba mpaka kwenye nyusi. Uani alisimama, akautazama mguu wa mbuzi. Manyoya yalikuwa yameng'aa, hayana umanjano hata kidogo; tona iliyokuwa iokoe nywele zake ilikuwa imefanya kazi.

"Hongera, bibi harusi," akamwambia mbuzi.