Chaki ya Buluu kwenye Fimbo ya Mdogo Wangu

Mama yangu alikataa uji siku ya tatu baada ya mazishi, na siku ya nne akakataa hata chai. Dada yangu, anayekaa naye nje kidogo ya mji wa Kajiado, alinipigia simu Kitengela akaniambia kwamba Yeyo, ndivyo tunavyomwita mama, ameomba kitu kimoja tu. Anataka fimbo ya kitinda mimba wake. Akiletewa, atakula.

Sikuuliza ni fimbo gani. Mdogo wangu alikuwa hajaswaga ng'ombe tangu aache shule. Fimbo yake ilikuwa ya kuchezea pool, ile inayopakwa chaki ya buluu kwenye ncha. Aliinunua mwenyewe, akaitembeza kutoka Ngong hadi Rongai akitafuta watu wa kushindana nao, na mwisho akaitundika ukutani katika ukumbi mmoja hapa Kitengela, mwendo wa dakika tano kutoka duka langu la agrovet, la dawa na vyakula vya mifugo. Kwa miaka sita sikuwahi kutia mguu katika ukumbi huo. Nilikuwa mjinga mwenye msimamo.

Siku moja nilikuwa nimemwambia, mbele ya watoto wangu, kwamba mwanamume wa umri wake mwenye chaki vidoleni ni mwalimu au ni mzururaji, na yeye si mwalimu. Alicheka. Lakini tangu siku hiyo, kila alipopita dukani kunisalimia, mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni. Homa ya mapafu ilimchukua ndani ya wiki moja, na hata hospitalini aliuweka mkono huo chini ya blanketi nilipoingia. Hilo linaniuma hadi leo.

Nilikwenda kuichukua fimbo asubuhi, saa nne. Mwenye ukumbi ni mama mmoja kutoka Murang'a, mwimbaji wa kwaya, asiyependa mambo ya mizimu. Aliishusha ukutani kwa mikono miwili. Aliniambia vijana hawajarudi kwenye ile meza ya pembeni aliyoipenda marehemu, kwa sababu wakishapanga mipira, ule mweupe unajisogeza. Akasema ni sakafu imeinama. Baada ya muda kidogo, bila mimi kumuuliza kitu, akasema tena kwamba ni sakafu.

Fimbo ilikuwa chafu. Ile sehemu nyembamba ya mbele, ya mbao nyeupe, ilikuwa na ukungu wa buluu kuanzia kwenye ncha ya ngozi hadi karibu nusu. Niliona aibu kuipeleka nyumbani hivyo. Mama yangu haoni, macho yake yamebaki na mwanga na kivuli tu, na hilo nililijua vizuri. Wa kuona aibu nilikuwa mimi.

Kwetu fimbo ya mwanamume haioshwi kwa maji. Baba alizisugua zake kwa mafuta ya kondoo, uchafu ukatoka na mbao ikang'aa. Basi nikapita kwa mwenye bucha, nikachukua mafuta ya mkia, nikakaa uani nyuma ya duka nikaisugua ile fimbo ya pool kama ninayejiandaa kwenda malishoni. Chaki haikutoka. Ilikunywa mafuta ikazama ndani ya mbao, na pale mwanzo palipokuwa na ukungu tu, jua la saa sita lilipopiga, pakatokea vidole.

Vilikuwa vinne na gumba, vya mkono wa kushoto. Kile kidogo kilikuwa kimejikunja kwa ndani, kama cha mdogo wangu.

Nilikaa nikiviangalia mpaka mteja akaja kuniita mara tatu, akitaka dawa ya kupe. Nilipomhudumia aliniuliza kama siku hizi nauza chaki. Nikamwambia hapana. Akanionyesha magunia ya pumba: yote yalikuwa na vumbi la buluu kwa juu. Duka langu halijawahi kuwa na kipande cha chaki.

Nilirudi kwa yule mama wa ukumbi. Aliikagua fimbo, akainusa.

"Mzee, hapa umepaka nini?"

Nikamwambia ni mafuta ya kondoo. Alianza kucheka, halafu alipoona vidole akaacha. Alinieleza kazi inavyofanywa: kitambaa cheupe chenye spiriti kidogo, kisiwe cha kudondosha, unasugua kufuata urefu wa mbao, unakausha hapo hapo, kisha unamalizia kwa kipande cha ngozi kavu, unasugua haraka mpaka mbao ipate joto. Msasa nisiuguse, kwa sababu unaila mbao na fimbo inakuwa nyembamba. "Si ungeniuliza kwanza," alisema. "Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi."

Spiriti ninayo dukani kwa chupa. Nilisugua siku nzima ya Alhamisi, kitambaa kikatoka buluu, cha pili kikatoka buluu, na kufikia saa kumi mbao ilikuwa nyeupe. Nikaifungia stoo. Ijumaa saa sita nilipoitoa juani, vidole vilikuwa vimerudi. Nilichukua penseli nikaweka alama pale kidole kidogo kilipoishia, nikaiacha juani nikaenda kula. Niliporudi, kidole kilikuwa kimeipita alama kwa upana wa ukucha, kikielekea upande niliokuwa nimekaa.

Mama wa ukumbi alisema ni mafuta hayo, yakipata joto yanapanda na chaki. Ni maelezo mazuri, na niliyashika kwa nguvu zote. Lakini hayakunieleza kwa nini viganja vyangu vilikuwa vinanuka chaki hata baada ya sabuni, wala kwa nini mbwa wa jirani, anayelala kila siku uani pangu, alikuwa amehamia ng'ambo ya barabara. Nilikuwa ninaogopa. Siku hiyo wakati wa chakula cha jioni mke wangu aliacha kutafuna, akauangalia mkono wangu wa kushoto. Ulikuwa umesimama juu ya meza kwa ncha za vidole, gumba limeinuka.

"Toa hiyo mkono mezani, baba," alisema kwa sauti ya chini. "Hiyo si yako."

Dada alipiga simu tena: mama anashindwa kukaa bila kushikiliwa. Jumamosi nikafunga duka. Nilisugua kwa spiriti, nikasugua kwa ngozi, na mwishowe, kwa hasira na woga, nikachukua msasa. Nilisugua mpaka bega likauma. Kufikia jioni mbao ilikuwa nyeupe na laini, haina kitu, na Jumapili asubuhi jua liliipiga tena pasitokee kitu. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mimi na mke wangu tulifika kwa mama baada ya ibada. Alikuwa ameketi nje, ameegemezwa ukutani, upepo ukipeperusha shuka lake, amekonda ndani ya wiki moja kuliko nilivyomwona akikonda kwa miaka mingi. Nikamwekea fimbo mapajani. Aliipima uzito, kisha akaanza kupitisha kiganja kutoka kwenye mpini, polepole, kwenda mbele. Akafika kwenye ncha. Akarudi nyuma. Akaenda mbele tena.

"Alikuwa anashika wapi?" aliniuliza kwa Kimaasai.

Niliinama kumwonyesha, na sikupaona. Hapakuwa na pa kuonyesha.

"Nimepafuta, Yeyo," nilimwambia. "Nilidhani ni uchafu."

Dada yangu aligeuza uso. Mama hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Basi nionyeshe tu alivyokuwa anafanya."

Nikamwambia ukweli, kwamba sikuwahi kumwona akicheza, hata siku moja, na kwamba kosa hilo ni langu. Nilikuwa bado nasema hayo mkono wangu wa kushoto ulipokwenda wenyewe kwenye mbao. Vidole vikatanuka, gumba likainuka, kile kidogo kikajikunja kwa ndani, na fimbo ikalala katika pengo lake. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha.

Mama akauleta mkono wake juu ya wangu. Alipapasa kidole kimoja baada ya kingine, na kwenye kile kidogo akakaa muda mrefu.

"Sasa toa wako," alisema. "Wake uuache."

Niliutoa. Mkono wa mama haukushuka kwenye mbao. Ulibaki hapo juu, umejikunja, ukiwa na nafasi ya mkono mmoja chini yake. Kisha akamwambia dada alete uji, na akaunywa wote kwa mkono wa kulia peke yake.