Kiswere, Siku Somoe Alipojisemea

Nianze na aibu yangu. Ripoti ya kwanza ya Kiswere niliiandika nikiwa kibarazani kwangu Mtanda, mjini Lindi, miguu nimeinyoosha juu ya jamvi. Serikali ilikuwa imeweka watetezi katika baadhi ya vijiji vya ujamaa, watu wa kusimama upande wa wagonjwa wa akili ili wasionewe. Mimi, karani wa kidato cha nne, nilitakiwa kwenda kuona kama kazi inafanyika. Nikaandika: "Mtetezi wa Kiswere ni mzee hodari, anaheshimiwa na wote." Mkuu wangu akasoma, akavua miwani.

"Mtetezi wa Kiswere ni mwanamke," akasema. "Tena ananyonyesha. Lori linaondoka kesho alfajiri."

Alfajiri nikapanda juu ya magunia matupu ya korosho nimekumbatia godoro langu. Msinicheke, mgongo wangu haujui kulala ugenini. Kufika Mchinga, utingo alikwishanibandika jina la Bi Harusi. Mto Mbwemkuru tuliuvuka kwa kulisukuma lori kwenye tope, na Bi Harusi akasukuma na wenzake.

Alasiri nikaingia Kiswere. Mtetezi, Bi. Zuhura, alinipokea mtoto mgongoni.

"Karibu, Ndugu Karani. Umefika kwa wakati. Kesho baraza la kijiji linamjadili Somoe."

Somoe alikuwa mama wa makamo, mgonjwa wa akili tangu usichana. Watu walipohamishiwa kijiji kipya, kila kaya ilipewa kiwanja. Yeye hakupewa, eti mwenye kichaa si kaya. Akawa analala jikoni kwa kaka yake, juu ya majivu. Bi. Zuhura alikwishamwombea mara mbili, akakataliwa. Sasa kilibaki kiwanja kimoja tu, na Mwenyekiti alikitaka kiwe cha ghala.

Asubuhi tukakusanyika katika banda la mikutano. Mwenyekiti akasema, "Haya Bi. Zuhura, mtetee mtu wako."

Bi. Zuhura akakaa chini. "Mimi nimeshasema mara mbili. Leo atasema mwenyewe."

Penseli yangu, kwa kiherehere chake, ikaandika kwenye fomu: "Mtetezi hatetei."

Somoe akasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, ni kweli nasikia sauti. Zikizidi nakwenda zahanati, nameza dawa, zinapungua. Sauti hizo hazijamwibia mtu kuku. Sasa na mimi niulize. Makuti ya nyumba zenu alisuka nani?"

Akamgeukia mzee aliyekaa mbele.

"Mzee Bakari, ya kwako?"

"Wewe, mwanangu."

"Na ya banda hili?"

Mwenyekiti akatazama juu, kana kwamba paa ndilo lililoulizwa.

"Mnalala chini ya kazi ya mikono yangu," Somoe akasema, "halafu mnaniambia sina akili za kukaa na paa langu?"

Mama mmoja nyuma akapiga kigelegele kabla hata kura haijaitishwa. Mikono ikapanda, wa kaka yake ukiwa wa kwanza. Wa mwisho ulikuwa wa Mwenyekiti, naye alijikuna kichwa kwanza, tusidhani ameunyanyua kwa ajili ya kura. Nikafuta maneno yangu mpaka fomu ikatoboka.

Siku ya pili yake kijiji kizima kikajenga. Mimi nikapewa kushika nguzo moja. Ikalala upande.

"Iache hiyo, Ndugu Karani," Somoe akasema, "umeshaitia kilema. Nenda kakae kwenye godoro lako."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana mwenye nyumba ana haki ya kumfukuza fundi mbovu. Magharibi paa lilikuwa juu.

Nikarudi Mtanda na tope mpaka magotini. Ripoti ya pili niliiandika kwa shangwe: mpango uendelee, na watetezi wengine wafundishwe kukaa chini kama Bi. Zuhura, maana huko ndiko nilikojifunza kwamba kumsemea mtu na kumpisha aseme ni kazi mbili tofauti.

Jioni hiyo nikamhadithia jirani yangu, Bi. Mwanahawa, mkasa mzima, pamoja na mikono ilivyopanda. Alinisikiliza huku akichambua mchele. Nilipomaliza akaweka ungo chini, akasema:

"Mdogo wangu tumemfungia chumba cha uani tangu hujahamia hapa, ukuta mmoja na wewe, na kila siku unamsikia akiimba. Kwetu unakuja kukagua lini?"