Mtu Aliyekaa Kwenye Gogo

Shule nimeishia darasa la tatu, kwa hiyo mkiona nazunguka nivumilieni. Siku ile nilikuwa namtafuta ndama. Ndama mwenyewe mjinga, akiona msitu anaingia tu, na mama yake alikuwa vilevile. Ni huku kwetu juu, Olmotonyi, mchana kweupe, ukungu umeshaondoka na Meru inaonekana mpaka kichwani. Pale njia inapoingia kwenye misonobari kuna gogo, na kwenye gogo amekaa mtu.

Mrefu, mwembamba, mwekundu wa ngozi, pua imechongoka, nywele laini. Kavaa koti kubwa jeusi, mkono mmoja kauingiza kifuani kama anashika kitu. Moyo wangu ukasema: Mhabeshi. Wakati huo kila mkutano tulikuwa tunaambiwa Wahabeshi wanapitishwa porini kwenda kusini, ukiwaona toa taarifa. Na kule chini watu walikuwa wamevamiwa kwa bunduki. Kichwa changu kikayafunga pamoja mambo mawili yasiyojuana.

Nikapanda juu kidogo, kwenye shamba la viazi, nikampigia simu balozi wetu wa nyumba kumi. "Kuna Mhabeshi kwenye gogo, Kiswahili hajui, na ana kitu kifuani." Ndivyo nilivyosema. Kuna kipande hapo nimekiruka, nitakifikia.

Balozi akawapigia askari. Wakaja wawili na pikipiki, wakamwambia anyooshe mikono. Yule mtu akasimama, na badala ya kunyoosha akachomoa kitu ndani ya koti, haraka haraka, kama anayeona aibu kuwachelewesha wakubwa. Mlio ulikuwa mmoja. Ndege wakaruka wote.

Kilikuwa barua. Ninyi wa mjini mmeshaacha, lakini huku mtu akija kufanya kazi kijiji cha watu anabeba barua ya mwenyekiti wake, ina muhuri, anampelekea balozi. Yeye aliizungushia nailoni isilowe. Alikuwa Mmbulu, kabila la hapahapa nchini lenye sura kama hiyo, fundi wa kuchonga mawe ya msingi, na pale kwenye gogo alikuwa anamsubiri balozi huyohuyo. Sasa mtu mwenye karatasi halali akiona askari anafanyaje? Anaitoa kabla hajaulizwa. Hata mimi ningeitoa.

Tangu hapo nikipita njia ile natazama miguu yangu. Siku nyingine najua kabisa gogo liko tupu, na bado nasikia mtu anajisogeza anipe nafasi ya kukaa.

Wiki iliyofuata ukaitishwa mkutano. Watu walisema, nawaambia! Mwalimu mmoja mstaafu akasimama. "Wazungu wangapi wanapumzika kwenye gogo lile na mabegi yao makubwa? Nani amewahi kuwapigia simu? Si tunawapelekea ndizi! Risasi ile imefuata pua ya mtu."

"Mwalimu, acha," mama mmoja akamkata. "Askari mweusi, marehemu mweusi, ubaguzi unatoka wapi?"

"Unatoka machoni, mama. Macho hayana rangi?"

"Wewe ungekuwa na bunduki, mtu anachomoa kitu kifuani, ungemsubiri akusomee?"

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka dada wa marehemu amekaa mbele pale.

Dada akasimama taratibu. "Baba zangu, sikuja kugombana. Ndugu yangu alikuwa mtu wa salamu, hata mbuzi alikuwa anawasalimia. Hakuna aliyeongea naye siku ile?"

Balozi akainamia viatu vyake. Alijua simu ilitoka kwa nani. Nikaona nikikaa kimya hapo nitakaa kimya mpaka kaburini. Nikasimama.

"Alinisalimia mimi. Alisema shikamoo mzee."

"Ukamjibu nini, baba?"

"Sikumjibu. Nilidhani neno hilo Wahabeshi wanafundishwa njiani. Nikapiga simu nikasema Kiswahili hajui."

Mwalimu akanivuta shati. "Mzee, keti! Ukisema hivyo askari watasema waliambiwa. Unatuharibia kesi."

"Mwacheni," dada akasema. Akanitazama kwa macho yaleyale ya kaka yake. "Maneno hayo utayarudia kituoni?"

"Nitayarudia."

"Basi twende sasa hivi, kabla hujashauriwa."

Tukashuka kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Mrefu, mwembamba, mgongo uleule. Mwanangu anayekaa Kimandolu huniambia, baba, wewe unaongea kuliko redio, lakini njia ile nzima nilikuwa nahesabu hatua zake tu.

Karibu na barabara ya lami kulikuwa na mama anauza parachichi, jirani yangu wa miaka mingi. Alimwangalia dada kuanzia nywele mpaka viatu, kisha akaniita pembeni kwa Kimaasai, sauti ya chini, kwa kunihurumia kabisa: "Mzee, huyo Mhabeshi umemtoa wapi? Tumwite balozi?"

Kimaasai dada hakukijua. Lakini neno Mhabeshi ni lilelile kwa kila lugha. Akasimama. Hakugeuka. Alisimama tu pale njiani, mikono ameiacha wazi kabisa pembeni mwa mwili, akisubiri asikie safari hii nitajibu nini.